Mlio Aliotaka Ufutwe

Habari za kifo chake zilinifikia kwa simu, kupitia rafiki yangu mmoja wa upande wa Uganda. Alisema yule fundi wa milio ya simu wa soko la Busia amefariki huko Tororo baada ya kuugua ini kwa muda mrefu, na kwamba maziko yatakuwa Jumamosi nyumbani kwao, nje kidogo ya mji. Nilisikitika, kisha nikafanya jambo ambalo sisi wa kazi hii ya magazeti hulifanya upesi kuliko kusikitika: nikaketi mezani nikaanza kuandika. Safu hii ilikuwa imekwisha kufika nusu kabla sijavuka mpaka kwenda kumzika, na ilikuwa safu ya kuchekesha. Niliporudi niliifuta yote. Msomaji wangu wa kila juma amezoea nimpokee kwa utani. Leo aniwie radhi, kwa sababu nimerudi kutoka Tororo na aibu ambayo bado sijui niiweke wapi.

Kwa wale waliozaliwa juzi, nieleze kwanza alikuwa nani. Kuna wakati simu zetu zilikuwa za vitufe na zote zililia namna moja, hata simu moja ikilia kwenye foleni ya forodha, watu wote wanajipapasa mifukoni. Marehemu aliliona hilo mapema. Alifungua kibanda upande wa Uganda, karibu na wauza mitumba, akaweka ndani kompyuta kuukuu iliyokuwa imepoteza nusu ya herufi zake, na kinasa sauti kidogo alichokivika soksi ya mtoto ili upepo usiingie. Mkewe alikaa dirishani akiuza vocha, naye alikaa nyuma akitengeneza milio. Ulikwenda na sauti uliyoitaka, au ulikwenda na mtu uliyetaka sauti yake, naye alirekodi, akakata, akaongeza ngoma kidogo, akakutilia kwenye simu ukaondoka ukitembea kwa madaha. Nakumbuka fundi cherehani mmoja aliyetaka mlio wa cherehani yake mwenyewe. Alirudi baada ya siku chache amekasirika, maana simu ilikuwa inalia mchana kutwa karibu na cherehani na yeye hasikii. Nakumbuka pia baba mmoja aliyekuwa anakwenda kufanya kazi Juba, akaja na mabinti zake wawili wakiwa wamevaa nguo za kanisani, wakaambiwa waseme tu, “Baba, simu.” Mdogo alikataa kusema. Akasimama mbele ya ile soksi ameuma midomo. Marehemu akasubiri bila kumharakisha, mpaka mtoto akanong'ona, na huo mnong'ono ndio uliosafiri hadi Juba.

Alikuwa na maoni makali kuhusu kazi yake. Mlio mzuri, aliniambia, usiwe mtamu mno, mwenye simu asije akausikiliza akasahau kupokea. Uanze kwa nguvu, kwa sababu mfukoni kuna kitambaa na barabarani kuna malori. Na sauti ya mtu, alisema, inashinda ala zote, kwa kuwa sikio la mwanadamu haliwezi kupuuza mtu anayeita. Kwa hiyo alizunguka sokoni na kifaa chake cha kurekodia mkononi, akiokota sauti za wanadi nguo, makondakta, wahubiri, wagomvi. Aliziokota kama mtu anayeokota kuni, na hakuna aliyemuuliza chochote. Sote tuliona ni werevu.

Katika hizo sauti alizookota, moja ilizipita nyingine zote. Ilikuwa ya mwanamke, na kwa wale wasiokuwapo enzi hizo, maneno yake yalikuwa haya: “Hiyo si yangu! Yangu iko na shati nyekundu! Muangalie tena, yangu iko na shati nyekundu!” Marehemu aliiwekea ngoma chini yake na kulirudia neno “shati” mara kadhaa, kama kinanda kilichokwama. Ilienea kama moto wa kiangazi. Kwanza alikuwa anaiuza, lakini baadaye watu wakaanza kupeana wenyewe, simu kwa simu, kadi kwa kadi, mpaka ukipanda boda kutoka Busia kwenda Masafu unaisikia, ukishuka Tororo sokoni unaisikia, na huku kwetu Kenya waliobadilisha fedha geti la mpaka walikuwa nayo karibu wote. Ikawa msemo. Mtu akipewa soda asiyoiagiza anasema, “Hiyo si yangu, yangu iko na shati nyekundu.” Kijana akisingiziwa mimba anajibu hivyo hivyo, na baraza zima linavunjika mbavu.

Sisi wa upande wa Kenya tulikuwa na sababu ya ziada ya kucheka, na hapa ndipo aibu yangu inapoanza. Tulicheka Kiswahili chake. Tulifundishwa shuleni kwamba shati ni jekundu na mtoto ni wangu, na tangu hapo tumejifanya walinzi wa lugha dhidi ya majirani wanaoitumia kuuziana mahindi na kuelewana vizuri tu. Kwa sababu mama yule alisema “yangu iko,” tulikata kauli kwamba anagombania kitu au mnyama. Wengine walisema ni jogoo. Wengine walisema ni mbuzi aliyevishwa shati na watoto. Ile nusu ya safu niliyoifuta ilikuwa na aya nzima ya kicheko juu ya mbuzi huyo na ngeli zake, nami niliiona ndiyo aya nzuri kuliko zote.

Halafu, mlio ukiwa bado uko kileleni, marehemu akabadilika. Alikwenda kwa waendesha boda, mmoja mmoja, akiwaomba waufute. Aliwaambia atawatengenezea mwingine wowote wanaoutaka, bila malipo. Aliandika hivyo kwa chaki kwenye mlango wa kibanda, na matokeo yake ni kwamba hata wasiokuwa nao waliutafuta, kwa kuwa kitu ambacho mwenyewe anakifuta lazima kiwe na utamu wake. Watu walimuuliza sababu. Hakusema. Alinikuta mimi kwenye hoteli moja ya chai akaniomba simu yangu. Nilimpa, nikamwona anabonyeza kwa uangalifu kama mtu anayetoa mwiba.

“Kwani una kesi nao?” nikamuuliza.

“Nisaidie tu, mzee wa gazeti,” akasema. “Na ukiusikia kwa mtu, mwambie aje kwangu.”

Wenzake sokoni walisema anataka kuuadimisha ili aupandishe bei. Wengine walisema amerogwa. Kijana mmoja wa boda alimfanyia mchezo: akimwona anakuja anauweka kwa sauti ya juu, kisha anakimbia na pikipiki huku wenzake wanapiga miluzi. Marehemu alikuwa anasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, vumbi limemjaa, halafu anaendelea na mtu anayefuata. Pia aliacha kuokota sauti. Ukitaka mlio uje wewe mwenyewe, useme mwenyewe, na kabla hajakutilia kwenye simu anakuwekea usikilize, anauliza, “Nikuache hivi?” Wateja wakaona anachosha. Baada ya hapo zikaja simu za kugusa kioo, kila mtu akawa na nyimbo zake, na biashara ya milio ikafa yenyewe. Yeye na mkewe wakahamia Tororo, akawa fundi wa kubadilisha vioo vya simu chini ya ule mwamba mkubwa unaousimamia mji. Nilipita hapo mara moja moja. Tulisalimiana, tukaulizana hali za watoto. Sikumuuliza tena habari ya ule mlio, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeisahau.

Jumamosi ile tulikuwa wengi. Waendesha boda wa zamani walikuja kutoka Busia, wengine sasa wana mvi. Wanawake walikaa kwenye mikeka upande wa jikoni, sisi wanaume chini ya turubai, na jeneza lilikuwa mlangoni mwa nyumba. Hotuba zilikwenda kama zinavyokwenda, mpaka emsii, mwongoza shughuli, ambaye aliwahi kuwa na kibanda jirani na cha marehemu, akashika kipaza sauti akasema hatuwezi kumlaza ndugu yetu kwa huzuni tupu wakati yeye alituchekesha mpaka mzima, pande zote mbili. “Mnaukumbuka ule mlio?” akauliza. Alikuwa ameukuta kwenye kadi ya memori ya zamani. Akauunganisha na spika, na ile ngoma ikaanza, ikafuatiwa na ile sauti: “Hiyo si yangu!”

Watu walicheka. Siwezi kuwalaumu, kile kilikuwa kicheko cha watu waliolia tangu asubuhi wakapewa ruhusa ya kupumua. Nami nilikuwa nimeanza. Waendesha boda waliimba pamoja na spika, wanajua kila mkato. Kisha nikamwona mjane akisimama kutoka ubavuni mwa jeneza, mkono ameunyoosha kumwelekea emsii, lakini kabla hajafika, mwanamke mmoja mzee alikuwa amekwisha kusimama kwenye mikeka.

“Zima hiyo,” alisema.

Emsii hakumsikia, au alidhani ni utani. Mjane akamfikia, akamshika mkono. Emsii akahangaika na vitufe, akabonyeza kisicho, na mlio ukaanza upya tangu mwanzo. Ulipozimwa hatimaye sote tulikuwa tumekwisha kumgeukia yule mzee, na walio karibu naye walikuwa wameacha kucheka kwa sababu waliitambua sauti kabla yetu.

“Hiyo ni mimi,” akasema. Hakupaza sauti. “Mimi natoka Masafu. Siku hiyo nilileta karanga soko ya Busia. Simu ikalia, ni watu ya Tiira, kule kwa mashimo ya dhahabu. Wananiambia shimo imeanguka, wametoa kijana moja, nikuje niangalie kama ni yangu. Wanasema iko na shati ya kahawia. Mimi nawaambia hapana, hiyo si yangu, yangu iko na shati nyekundu, nilimfulia mwenyewe.” Akaitazama spika. “Nilienda. Ilikuwa yeye. Shati ilikuwa nyekundu. Ilikuwa matope tu.”

Mtu mmoja karibu nami alivua kofia ambayo alipaswa kuwa ameivua tangu zamani. Yule mama akaendelea, sasa akielekeza kidole kwenye jeneza. “Huyu hakujua. Alisikia makelele tu, akaokota. Nilipomwambia alijua. Alitembea akifuta kwa simu ya watu, na nyinyi mkasema ni mjinga. Mimi ndiye nilimkataza kusema. Sikutaka mtoto wangu awe hadithi ya soko. Sasa nasema kwa sababu yeye hawezi kusema, na mimi sitakubali alale na hiyo wimbo.” Akaketi, na wanawake wakamsogelea.

Mambo ya baadaye nilisimuliwa na mjane, jioni tulipokuwa tunakunja viti. Alisema yule mama alikuja kibandani miezi kadhaa baada ya kumzika mwanawe. Alikuwa amerudi sokoni kwa mara ya kwanza, na akiwa anapanga karanga zake simu ya mteja ikalia kwa sauti yake. Alidhani amepatwa na wazimu. Ikalia nyingine. Akawauliza watu, wakamwelekeza. Marehemu alimpokea kwa bashasha, akamuuliza anataka mlio gani, mama akasema ule wa shati nyekundu, naye akauweka kwa sauti kubwa. Mama akasema, “Hiyo ni mimi,” naye marehemu, alisema mjane, akapiga makofi kwa furaha, akasema kumbe staa ni wewe, akamtuma yeye mjane soda. Mjane akarudi na soda mkononi. Mama alikuwa amekwisha kumweleza.

“Unaweza kurudisha?” mama alimuuliza.

“Kurudisha nini, Mama?”

“Sauti yangu. Yote. Kutoka kwa simu ya watu.”

Mjane alisema mumewe alijua jibu lake. Alijua kuliko mtu yeyote mpakani kwamba kitu kilichokwisha kuruka kutoka simu hadi simu hakina kamba ya kukivutia. Angeweza kumweleza hivyo, kwa heshima, na mama angeelewa. Badala yake alisema, “Nitajaribu.” Alifuta kwanza kwenye kompyuta, mbele yake. Kisha wakapatana kwamba sababu haitatajwa. Kwa miaka yote aliyobaki Busia, na hata Tororo mtu akimletea simu kuukuu atengeneze, aliangalia kwanza kama mlio ule umo. Alikwenda Masafu mara kwa mara kumweleza alipofikia. Mwanzoni mama hakumkaribisha ndani, alimsikiliza uani akamwacha aondoke. Marehemu alijitolea kumwekea mlio mpya kwenye simu yake, mama akakataa. Simu yake, alimwambia, haina mlio tena tangu siku hiyo, anaitazama tu kama kuna mtu aliyepiga. Ilichukua muda mrefu kabla ya kupewa kiti. Mjane hajui kama mumewe alisamehewa. Anachojua ni kwamba alipolazwa, mama yule alikuja kutoka Masafu na karanga za kukaanga, akakaa kando ya kitanda mchana mzima.

Lakini nirudi kidogo pale msibani, kwa sababu kuna jambo moja sijalisema. Kabla jeneza halijabebwa, mwendesha boda mmoja, sasa mtu mzima mwenye tumbo, alitoka chini ya turubai akaenda mpaka kwenye mikeka. Alipiga magoti mbele ya yule mama, simu yake ndogo ya vitufe ameishika kwa mikono miwili. Nilimtambua: ni yule yule aliyekuwa anauweka mlio kwa sauti ya juu na kukimbia. “Mama,” alisema, “mimi bado niko nayo. Sijui kuiondoa.” Mama aliitazama ile simu. Yeye pia hakujua. Tulikuwa pale watu wengi tunaojiona tumeendelea, na aliyejua kufuta tulikuwa tumekuja kumzika. Mwishowe mjane ndiye aliyeichukua, maana alijifunza kwa kumtazama mumewe, akabonyeza mara chache, akairudisha. Emsii alisimama kando na kadi yake ya memori kwenye kiganja, asijue aitie mfukoni au aitupe, na nilipoondoka bado alikuwa nayo.

Tangu niliporudi nimekuwa nikifikiri juu yetu zaidi kuliko juu yake. Yeye alikosea bila kujua, na alipojua alikubali kuonekana mjinga kwa miaka badala ya kujitetea kwa sentensi moja. Sisi hatukuwa na kisingizio hicho kwa ukamilifu. Sauti ile tuliisikia maelfu ya mara. Ukiisikiliza bila ngoma, na nimejilazimisha kuikumbuka bila ngoma, hakuna jogoo wala mbuzi ndani yake. Hakuna mtu anayebishania jogoo kwa sauti ile. Tulikuwa na masikio, lakini tuliyatumia kukagua ngeli. Na leo hali si nafuu. Sasa kila mfuko una kifaa chenye nguvu kuliko kibanda kizima cha marehemu. Lori likipinduka barabara ya Tororo, wanaorekodi hufika kabla ya wanaookoa. Mwanamke akigombana na mumewe dukani, kufikia jioni wajukuu zake wanamwona kwenye simu akiwa amewekewa muziki. Walau marehemu alikuwa na mlango ambapo mama angeweza kubisha hodi. Leo mtu akichukuliwa sauti yake abishe wapi?

Nami mwenye safu siwezi kusimama pembeni nikanyoosha kidole. Kazi yangu ni ile ile ya kuokota. Maneno ya watu kwenye foleni, matusi ya makondakta, Kiswahili cha jirani, nimeyaleta hapa juma baada ya juma nikiyatia ngoma yangu mwenyewe. Kwa hiyo safari hii nilimtafuta yule mama kupitia kwa mjane, nikamwomba ruhusa. Alifikiri kidogo, akasema niandike, ila nisitaje jina la mtu, lake wala la mwanawe wala la marehemu. Nilipomaliza nilimpigia tena nikamsomea yote tangu mwanzo, polepole. Alinisikiliza bila kunikatiza mpaka mwisho.

“Iko sawa,” akasema. “Lakini pale penye umesema nilikuwa nalia sokoni, toa.”

Nikamwambia nilidhani alikuwa analia.

“Mimi sikulia sokoni. Pale nilikuwa nabishana na wao, niko na uhakika. Kulia nililia nyumbani, na huko hakuna mtu alikuja kurekodi.”

Nimepatoa. Nusu ya saa tu ya mazungumzo ya simu, na nikajua juu ya sauti ile jambo ambalo mpaka mzima haukulijua kwa miaka yote tuliyoibeba mifukoni. Hilo ndilo somo nililorudi nalo, na linanitia haya kwa udogo wake: sauti ya mtu ina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe hayuko mbali. Ilikuwa ni kumuuliza tu.